Jibu la Swali Jingine: Hadaa, Kujifanya Mtu Mwingine na Ridhaa Mbele ya Sheria



Naomba nianze na kisa cha kubuni, kama tunavyofanya darasani. Asha wa Tanga ni mchumba wa Juma. Barua imejibiwa, mahari imetolewa, harusi ni mwezi ujao. Usiku mmoja umeme umekatika. Mtu anagonga dirishani na kuita kwa sauti ya chini, kama Juma anavyoita. Asha anafungua. Kulipopambazuka anagundua kwamba aliyekuwa naye ni Hamisi, nduguye Juma, aliyejua fika kwamba anayesubiriwa ni mwingine. Asha anakwenda polisi. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto anachukua maelezo yake.

“Dada, alikulazimisha?”

“Hapana.”

“Alikutishia?”

“Hapana.”

“Kwa hiyo ulikubali?”

Asha ananyamaza kidogo. Kisha anasema: “Nilimkubalia Juma.”

Faili linamfikia mwendesha mashtaka. Anafungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 130, palipo na kosa la ubakaji. Kifungu kidogo cha (2) kina herufi tano, na mnaofanya kazi mahakamani mnajua kwamba hati ya mashtaka inatakiwa kuonyesha herufi ipi inahusika. Kuna mashauri yaliyoyumba kwenye rufaa kwa sababu ya herufi. Herufi (a) ni pasipo ridhaa. Herufi (b) ni ridhaa iliyopatikana kwa nguvu, vitisho au kumweka mtu kizuizini. Herufi (c) ni mtu asiye na akili timamu au aliyeleweshwa. Herufi (e) ni binti wa chini ya miaka 18. Imebaki (d): mwanamume anajua kwamba yeye si mume wa mwanamke huyo, naye mwanamke amekubali kwa sababu ameaminishwa kwamba ni mwanamume mwingine ambaye ni mumewe wa halali, au ambaye yeye anamwamini kuwa ni mumewe wa halali.

Herufi (d) inakaribia kumfaa Asha. Tatizo ni moja tu: Asha hajaolewa. Hamisi angegonga lile dirisha baada ya harusi, kesi ingekuwa na herufi yake. Kwa kuwa aligonga mwezi mmoja kabla, haina.

Jioni hii nataka kuuzungumzia huo mwezi mmoja: ulitoka wapi, unalinda nini, na sisi tuufanyeje.

Ridhaa na idhini

Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo tumezoea kuyachanganya. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka. Mwalimu mkuu humpa mwanafunzi idhini ya kutoka, mkurugenzi huidhinisha malipo. Idhini huenda na cheo na mhuri, na hata ikitolewa kimakosa hubaki kuwa idhini mpaka ifutwe. Ridhaa ni ya ukoo mwingine. Ni ndugu wa radhi, kuridhia na kuridhika. Haina mhuri, kwa maana inakaa kwa mtu mwenyewe na inahitaji ajue anachokiridhia. Huwezi kumridhia mtu ambaye hujui kama yupo chumbani.

Kwa hiyo mimi huitazama ridhaa kama jibu. Kila jibu lina swali lake. Asha aliulizwa, kwa sauti ile na kwa giza lile, “Utakuwa na Juma usiku huu?” Akajibu ndiyo. Hamisi alilichukua jibu hilo akaliweka chini ya swali jingine ambalo Asha hakuwahi kuulizwa. Anayesema “lakini alikubali” anasoma jibu bila kusoma swali, kama msahihishaji wa mitihani anayetoa alama kwa karatasi ya mtahiniwa mwingine.

Ugumu ni kwamba si kila uongo unabadilisha swali. Mwanamume aliyesema ana gari kumbe ameazima, mwanamke aliyepunguza miaka yake mitano, aliyejisifia ukoo asiokuwa nao: hawa wote wamedanganya, na wapo waliokubaliwa kwa sababu hiyo hiyo. Tukiwapeleka wote jela magereza hayatatosha. Pana mpaka mahali fulani, na historia ya eneo hili la sheria ni historia ya watu waliokuwa wakiutafuta mpaka huo, mara nyingi mahali ambapo haupo.

Mume wa gizani

Mzizi wa herufi (d) uko katika karne ya 19. Mwaka 1868, katika shauri la Barrow, majaji wa Uingereza waliletewa mwanamume aliyemwingilia mwanamke aliyemdhania kuwa ni mumewe. Wakaifuta hatia ya ubakaji. Hoja yao ilikuwa kwamba tendo alilijua, na tendo alilikubali. Mwaka 1884 majaji wa Ireland, katika shauri la Dee, waliikataa hoja hiyo: mwanamke aliyemkubali mumewe hajamkubali mgeni. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likaingilia. Sheria ya 1885 ilikiri kwa maandishi kwamba jambo hili lilikuwa na mashaka, kisha ikayamaliza mashaka yenyewe: anayemhadaa mwanamke aliyeolewa kwa kujifanya mumewe ahesabiwe kuwa amebaka.

Ilikuwa hatua njema, lakini tuulize kwa nini iliishia kwa mume. Kwa sheria ya Uingereza ya zama hizo mke hakuwa na uwezo wa kumkatalia mumewe. Alihesabiwa kuwa amekwisha kukubali siku ya ndoa, mara moja kwa maisha yote. Aliyejifanya mume aliingia na ufunguo wa mtu mwingine. Ndivyo ninavyoisoma sheria ile: mwanamke aliumizwa, lakini mwenye ufunguo ndiye aliyeibiwa. Mchumba, hawara na mwanamke asiye na mtu hawakuwa na mwenye ufunguo, kwa hiyo hapakuwa na wizi.

Fomula hiyo ilisafiri. Mwanasheria Samuel Griffith aliiweka katika kanuni ya jinai ya Queensland, Australia, ya mwaka 1899, na kanuni hiyo ikawa mama wa kanuni za adhabu zilizotungwa kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1930. Zilisema kwamba ni ubakaji pia iwapo ridhaa imepatikana kwa maelezo ya uongo kuhusu asili ya tendo, au, kwa mwanamke aliyeolewa, kwa kujifanya mumewe. Kabla ya 1930 huku kwetu ilitumika Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo nayo ilikuwa na mume wake wa gizani, kwa maneno yake yenyewe.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Mwaka 1998 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, SOSPA kama tulivyozoea kuiita. Ilikuwa sheria kali na iliyohitajika. Ilipokiandika upya kifungu cha 130, iliyaacha maneno ya 1930 na kuweka herufi (d). Chukueni herufi (d), iwekeni kando ya kifungu cha 375 cha Kanuni ya India ya 1860. Ni maneno yanayokaribia kuwa yale yale. Na maneno ya 1930 kuhusu uongo juu ya asili ya tendo hayakurudi tena. Tulidhani tunakwenda mbele, kumbe kwa jambo hili tulirudi Calcutta ya 1860.

Kenya ilipita njia nyingine. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, iliyosukumwa bungeni na Njoki Ndung'u kabla hajawa jaji wa Mahakama ya Juu, inasema katika kifungu cha 42 kwamba mtu amekubali iwapo amekubali kwa kuchagua, akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Kifungu cha 43 kinaitaja hadaa kwa jina lake, ikiwa ni pamoja na kumwaminisha mtu kwamba yuko na mtu fulani kumbe ni mwingine. Kifungu cha 45 kinaongeza kwamba anayejifanya mtu ambaye mlalamikaji anamfahamu binafsi, ridhaa inahesabiwa haikuwepo na ubishi umekwisha. Hakuna anayeuliza habari ya cheti cha ndoa. Asha angekuwa anaishi Lunga Lunga badala ya Tanga, ng'ambo tu ya mpaka wa Horohoro, faili lake lingekuwa na kifungu.

Tusiwacheke wenzetu wa Tanga, wala tusiwasifu mno wa Lunga Lunga. Kifungu hicho hicho cha 43 cha Kenya kinamalizia kwa kusema hakiwahusu watu waliooana kihalali. Mwenye ufunguo bado yupo, amehamia chini ya ukurasa tu.

Tabibu, mwalimu wa kwaya na mganga

Aina ya pili ya hadaa haihusu mtu, inahusu tendo. Mwaka 1877, katika shauri la Flattery, mwanamume aliyekuwa na meza ya kutoa ushauri wa tiba sokoni alimwambia msichana wa miaka 19, aliyeletwa na mama yake, kwamba anahitaji kufanyiwa upasuaji. Alichomfanyia hakikuwa upasuaji. Mwaka 1923, katika shauri la Williams, mwalimu wa kwaya alimwaminisha mwanafunzi wa miaka 16 kwamba anamtengenezea njia ya pumzi ili aimbe vizuri. Katika mashauri yote mawili majaji hawakusita: aliyekubali kutibiwa hajakubali kuingiliwa. Swali lilikuwa la daktari, jibu likatumiwa na mwingine.

Kwetu, mtu wa aina hii hana meza sokoni peke yake. Ana kibanda cha uganga, ana chumba cha maombezi, wakati mwingine ana koti jeupe. SOSPA ililiona hilo. Kifungu cha 130(3) kinawataja watu wenye madaraka, wafanyakazi wa hospitali, waganga wa jadi na viongozi wa dini wanaotumia nafasi zao. Wengi tulishangilia. Lakini kisomeni polepole. Kinasema mganga akitumia vibaya nafasi yake *na akabaka* mteja wake. Ubakaji lazima uwe umekwisha kuthibitishwa kwa herufi moja ya kifungu kidogo cha (2) ndipo uganga wake uingie. Mlango umechorwa ukutani, lakini haufunguki.

Tuchukue tukio gumu zaidi kuliko la Flattery. Mama hajapata mtoto kwa miaka saba. Mganga anamwambia wazi: dawa hii inaingia kwa njia ya kulala nami, haina njia nyingine. Mama anajua tendo ni lipi. Hakudanganywa kuhusu asili yake. Anajua mtu ni nani. Ndiye huyo mganga. Kwa mizani ya 1930 hakuna hadaa hapa. Lakini mama huyu aliulizwa nini? Aliulizwa, “Unataka kupata mtoto?” Akajibu ndiyo, kwa machozi. Ndiyo maana Kenya, ikifuata sheria ya Uingereza ya 2003, iliongeza neno moja: asili *au dhumuni* la tendo. Neno hilo moja linambeba mama huyu. Kwetu Tanzania wakili wake itabidi apite herufi (a), amshawishi jaji kwamba ridhaa iliyopatikana hivyo si ridhaa. Mimi naamini hoja hiyo inasimama. Lakini ni hoja, na mwathirika anastahili kuingia mahakamani na kifungu mkononi.

Ndoa ya uongo, ahadi ya uongo

Sasa tunaingia palipo na utelezi. Mwaka 1957 Mahakama Kuu ya Australia ilisikiliza rufaa ya Papadimitropoulos. Msichana wa Kigiriki, mgeni nchini, asiyejua Kiingereza, alipelekwa na mwanamume katika ofisi ya msajili wa ndoa. Wakajaza karatasi ambayo ilikuwa taarifa tu ya kusudio la kuoana. Mwanamume akamwambia, “Tayari, tumeoana.” Wakaishi pamoja siku chache, kisha akamwacha. Mahakama ilikiri ubaya wa jambo lile, kisha ikaifuta hatia ya ubakaji: alimjua mtu, alilijua tendo, alichokosea ni hali yao ya kisheria.

Hebu tuiweke hukumu hiyo kando ya Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971. Kifungu cha 16 kinasema ridhaa ya kuoana si ya hiari iwapo imeshawishiwa na shuruti au hadaa, au iwapo mtu alikosea kuhusu asili ya sherehe yenyewe. Sheria ya Ndoa inasema *hadaa*, bila kuuliza ni hadaa ya aina gani. Kwa hiyo katika nchi moja, mwanamke mmoja, hadaa ile ile inatosha kuitia dosari ridhaa aliyoitamka mbele ya msajili, na haitoshi kuitia dosari ridhaa aliyoitoa chumbani jioni yake. Karatasi imelindwa kuliko mwili.

Na fikihi ya Kishafii, inayofuatwa sana pwani yetu, ilikwisha kuwa na mlango wa shubuha kabla ya majaji wa 1868 kuzaliwa. Aliyeingiliana na mtu akimdhania kwa dhati kuwa ni mwenzi wake wa halali hana adhabu ya zinaa, na mwanamke ana haki ya mahari ya mfano, yaani kiasi wanachopewa wanawake wa daraja lake. Mahakama za Kadhi hazina mamlaka ya jinai, nami siileti fikihi hapa ili tuitumie kufunga watu. Naileta kwa sababu inaanza na swali sahihi: aliyekuwa pale aliamini nini?

Vipi kuhusu ahadi? Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na ahadi ya ndoa imewatoa wengi. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 69, inaruhusu kudai fidia kwa kuvunjwa kwa ahadi ya ndoa, na kifungu hicho hakibagui mwanamume wala mwanamke. India imekwenda mbali zaidi. Sheria yake mpya ya jinai, iliyoanza kutumika Julai 1, 2024, ina kifungu cha 69 vilevile (namba zimegongana tu), kinachomwadhibu hadi miaka 10 mwanamume anayemwingilia mwanamke kwa hila au kwa ahadi ya ndoa ambayo hakuwa na nia ya kuitimiza. Waliokitunga walisema waziwazi kwamba tendo hilo halifikii ubakaji. Ni kosa lake lenyewe.

Mimi nina mashaka na jinai kuingia hapa. Aliyeahidiwa ndoa alijua yuko na nani, akifanya nini. Swali aliloulizwa ndilo alilolijibu. Kilichokuwa cha uongo ni sababu ya kulijibu. Mwaka 1994, katika shauri la Linekar, mahakama ya Uingereza ilisema hivyo hivyo kuhusu mwanaume aliyemwahidi kahaba pauni 25 akakimbia bila kulipa. Ni dhuluma, na dhuluma ina mahakama zake za madai. Tena kutofautisha ahadi iliyokuwa ya uongo tangu mwanzo na ahadi iliyokufa njiani ni kazi ngumu. Wachumba wangapi hapa wamebadili mawazo bila kuwa matapeli?

Kilichofichwa

Mwaka 1888 mwanamume mmoja, Clarence, alimwambukiza mkewe kisonono akijua anacho. Kati ya majaji 13, tisa walimwachia: mke alikubali tendo, na ugonjwa si asili ya tendo. Kenya ya 2006 imeligeuza hilo. Kifungu cha 43 kinahesabu kuwa hadaa kumficha mwenzi kwa makusudi VVU au ugonjwa mwingine wa zinaa unaohatarisha maisha.

Tunasema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hapa sheria ishike kalamu kwa mkono mwepesi. Nani hujua hali yake kwanza katika nyumba zetu? Mara nyingi ni mke, kwa sababu yeye ndiye anayepimwa kliniki ya wajawazito. Kifungu kinachomwadhibu “anayejua” kinaweza kumpata yeye na kumwacha mume asiyetaka kupima. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha kifungu cha 24 cha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI, miongoni mwa sababu zake ikiwa kwamba maneno yake yalikuwa na ukungu kiasi kwamba mtu hajui lini amevunja sheria. Mahakama ya Juu ya Kanada ilisema mwaka 2012 kwamba kuficha VVU kunakuwa jinai pale tu penye uwezekano halisi wa kuambukiza. Nyuma ya hukumu hizo kuna wazo moja: hatari ndiyo inayoadhibiwa, wala si hali ya mtu.

Kondomu ni rahisi zaidi, ingawa imewasumbua majaji. Mwanamke amesema, “Kwa kinga tu.” Mwanamume akaivua kwa siri. Mwaka 2022, katika shauri la Kirkpatrick, Mahakama ya Juu ya Kanada iliona kwamba aliyekubali tendo lenye kondomu hajakubali tendo lisilo na kondomu; ni matendo mawili. Uingereza imeelekea huko huko kuhusu kondomu, lakini mwaka 2020, katika shauri la Lawrance, ilimwachia kwa kosa la ubakaji mwanamume aliyedanganya kwamba amefungwa kizazi: uongo huo, walisema, ulihusu matokeo ya tendo, tendo lenyewe halikubadilika. Mwanamke aliyebeba mimba kwa uongo huo hataona tofauti kubwa. Mimi naiona, ingawa ni nyembamba. Sharti la kondomu lilikuwa ndani ya swali. Aliyesema “Nimefungwa kizazi” alitoa habari kuhusu yeye mwenyewe, na habari hiyo ilikuwa uongo.

Giza la siku hizi

Mtasema, nani anajifanya mume wa mtu siku hizi, wakati kila simu ina tochi? Giza limehamia ndani ya simu yenyewe. Ufaransa, mzee wa miaka 68 alijitangaza katika tovuti ya wachumba kama kijana mtanashati wa miaka thelathini na kitu, kwa picha zisizokuwa zake. Baada ya wiki nyingi za maongezi aliwaalika wanawake nyumbani kwake, akawataka wajifunge kitambaa machoni kabla ya kukutana. Januari 23, 2019, mahakama ya juu ya Ufaransa ilisema hila ya kuficha utambulisho na umbile ili kuipata ridhaa ya mtu inatosha kuwa ubakaji.

Ufaransa ilifikaje huko bila sheria mpya? Sheria yake ina neno ambalo ningelitafsiri kwa *kushtukizwa*, na tangu shauri la Dubas la mwaka 1857, lililomhusu mwanamume aliyejipenyeza kitandani pa mke wa mtu, neno hilo limekuwa likifanya kazi. Majaji wa Paris walifika mwaka 1857 mahali ambapo majaji wa London walishindwa kufika mwaka 1868, kwa kuwa waliuliza kama mwanamke alinyang'anywa nafasi ya kuamua. Ndugu zetu wa Kongo wamelirithi neno hilo: sheria yao ya Julai 20, 2006 kuhusu ukatili wa kingono inalitaja pamoja na nguvu na vitisho.

Kifungu cha Kenya cha mtu “anayefahamika binafsi” kingemfikia mzee huyo? Wanawake wale walimfahamu kijana ambaye hakuwahi kuwepo. Hapo ndipo wabunge wa kesho watakapotoka jasho.

Ngazi, si shoka

Sasa nije kwenye mapendekezo.

Kwanza, herufi (d) ifutwe, iandikwe upya bila mume. Iseme hakuna ridhaa pale mtu alipohadaiwa kwa makusudi kuhusu mtu aliye naye, kuhusu asili ya tendo, au kuhusu dhumuni lake. Mambo matatu: nani, nini, kwa ajili gani. Hayo ndiyo mwili wa swali. Na maneno yawe “mtu”, maana kijana wa kiume anayedanganywa kwa mganga ana haki ile ile, na kifungu cha 130 cha leo hakimjui.

Pili, mganga, tabibu na kiongozi wa dini wawe na kosa linalojitegemea, lisilosubiri ubakaji uthibitishwe kwanza kwa herufi nyingine.

Tatu, na hili ndilo ninaloliona zito kuliko yote, tujenge ngazi. Adhabu ya ubakaji Tanzania, kwa kifungu cha 131, ni hadi kifungo cha maisha, na kwa mtu mzima haipungui miaka 30. Hakuna kidato cha chini. Hakimu anayeona hadaa ya kweli, lakini isiyofanana na nguvu ya usiku wa porini, ana njia mbili: miaka 30 au nyumbani. Wapo watakaochagua nyumbani, na hatutaweza kuwalaumu sana. Kosa la kati, kama lile la India lakini lililofungwa barabara, lingempa njia ya tatu kwa mambo kama kuvua kondomu kwa siri.

Nne, tuuache uongo wa mapenzi mahali pake. Yerusalemu, mwaka 2010, mwanamume wa Kiarabu alihukumiwa miezi 18 kwa kumwacha mwanamke aamini kuwa yeye ni Myahudi asiye na mke. Hukumu ilitokana na makubaliano ya kukiri kosa, na shtaka la awali lilikuwa la nguvu. Angalieni hatari mbili zilizokaa pamoja hapo. Kifungu kipana kinaweza kuwa jalala la kesi ambayo upande wa mashtaka umeshindwa kuibeba. Na kinaweza kuligeuza kabila au dini kuwa sifa ya bidhaa, kana kwamba aliyekubaliwa ameuza mbuzi kwenye gunia. Sitaki sheria ya nchi yangu iulize mahakamani, “Ungemkubali ungejua ni wa kabila gani?”

Tano ni la utendaji, wala halihitaji Bunge. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba ushahidi bora wa ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Katika kesi za hadaa, ushahidi huo una neno litakalomponza: nilikubali. Maofisa wa madawati mlioko hapa, fomu zenu na mazoea yenu huuliza “Ulikubali?” na kuacha nafasi ya neno moja. Ongezeni swali la pili: “Ulikubali nini, na ulimkubalia nani?” Yaandikeni majibu kama alivyoyasema, kwa maneno yake. Huenda jaji wa kesho akaiona herufi (a) ndani yake, kama majaji wa Uingereza walivyofanya mwaka 1994 katika shauri la Elbekkay, walipokataa kumwachia aliyejifanya mpenzi wa mwanamke eti kwa sababu sheria ilimtaja mume tu. Waliandikiwa mume, wakasoma mtu.

Mabibi na mabwana, nilimwacha Asha kituoni. Askari ameshika kalamu, ukurasa una nafasi. Asha ameshasema sentensi yake, “Nilimkubalia Juma,” na sheria yote niliyowaeleza jioni hii, kutoka London hadi Calcutta hadi Queensland hadi Dodoma, imo katika kile askari atakachoandika sasa. Akiandika “mlalamikaji alikubali”, ameandika nusu, na nusu hiyo ni ya Hamisi.